Kujisoma kwa Masikio

Watu wakisikia kwamba bado naandika huniuliza swali moja: unaandikaje na wewe huoni? Nawajibu kwamba kuandika si tabu. Mfumbe macho mtu yeyote anayejua kuandika, mwambie amwandikie mamaye barua, ataiandika. Mistari itapandana, lakini barua itakuwepo. Tabu ni kujisoma. Kazi kubwa ya mwandishi ni kurudi nyuma: ukurasa wa 40 ukukumbushe kwamba kwenye ukurasa wa 12 yule mama mkwe alikuwa ameshakufa, na hapa umemkalisha barazani anachambua mchele. Jicho hurudi kwa kutupwa tu. Sikio halirudi, hupelekwa, tena polepole, kuanzia mwanzo.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, mzaliwa wa Tanga, na nimetimiza miaka 71. Nimetoa hadithi za watoto na riwaya mbili, na kwa miaka mingi nilikuwa na safu yangu gazetini. Ugonjwa wangu hospitalini huitwa glakoma. Mtaani huitwa presha ya macho. Jina la mtaani limeniletea washauri wengi. Mmoja amenikataza chumvi, mwingine ameniletea kitunguu saumu, wa tatu aliniambia nisiwe nakasirika, na ushauri huo peke yake ulinipandisha hasira.

Presha hii si ile ya damu. Jicho lina maji yake ya ndani, si machozi, ambayo hutengenezwa usiku na mchana na kutokea kwenye kona nyembamba, pale duara la rangi linapokutana na kioo cha mbele cha jicho. Njia hiyo ikiziba kidogo kidogo, maji yanabaki, shinikizo linapanda, na mshipa unaopeleka habari kwenye ubongo unakufa uzi mmoja mmoja. Uzi ukishakufa haufufuki. Hakuna maumivu, hakuna wekundu. Ugonjwa huanzia pembeni, jicho moja humsitiri mwenzake, na ubongo nao huziba pengo kwa kubuni. Mwandishi mwenzangu, nauita ubongo kwa jambo hilo: unaandika usichokiona, na unaandika kwa ufasaha mpaka mwenyewe unaamini.

Kabla ya kulijua jina la ugonjwa nilinunua miwani baada ya miwani. Muuzaji mmoja, simtaji, kila nilipokwenda kulalamika alinibadilishia lenzi na kunipa kitambaa kipya cha kufutia. Presha hakunipima, wala nyuma ya jicho hakutazama. Miwani inakikaza kilichopo mbele yako kionekane vizuri. Kipande cha dunia ambacho mshipa umeacha kukileta, miwani itakitoa wapi?

Siku zile nilikuwa nimepeleka mswada kwa mchapishaji, na majibu yakaja kwa barua. Nikaisoma chini ya taa, nikaisoma tena, nikamtuma mtoto halua, nikawaita majirani wawili tukanywa kahawa. Jioni binti yangu alipotoka kazini nikampa naye asome. Akanyamaza. "Mama," akasema, "wameandika hatutaweza." Mimi nilikuwa nimesoma tutaweza. Silabi moja ya mwanzo ilikuwa imemezwa. Kiswahili mambo yake makubwa yote hukaa kichwani mwa neno: nani ametenda, lini, na kama kweli ametenda au hakutenda. Ukiibiwa kichwa cha neno umeibiwa ukweli wake, na mkia ukabaki unakuchekea. Halua ilikuwa imekwisha liwa.

Hiyo ndiyo iliyonipeleka kwa daktari wa macho, daktari hasa. Wakanikalisha mbele ya mashine yenye bakuli kubwa jeupe, kidevu juu ya kiegemeo, jicho moja limefunikwa. Maelekezo ni mepesi: kodolea nuru ya katikati, usihangaike na nyingine, na kila ukiona kijinuru popote, bonyeza kitufe. Nikabonyeza, nikabonyeza. Kisha kikapita kimya kirefu hata nikadhani umeme umekatika. Umeme ulikuwepo. Vijinuru vilikuwa vinakuja kama kawaida.

Karatasi iliyotoka ilikuwa na mduara wa kila jicho. Wa kushoto ulikuwa mweusi karibu wote. Wa kulia, wa jicho nililokuwa nikilitegemea kusomea, ulikuwa na tao jeusi upande wa pua, linanyemelea katikati. Upande wa pua wa jicho la kulia ni kushoto, na kushoto ndiko maneno yetu yanakoanzia. Presha ilikuwa 34, na kawaida ni kati ya 10 na 21. Daktari, binti wa umri wa wanafunzi wangu wa mwisho, akaniambia, "Mama, tulichopoteza hatutakipata. Tunalinda kilichobaki." Nilimshukuru kwa kutozunguka.

Kulinda kwenyewe ni matone. Daktari aliniuliza kwanza kama nina pumu, kwa sababu timolol, dawa iliyomo kwenye matone hayo, na pumu havipatani. Sina. Nadondosha tone moja alfajiri na moja magharibi, na kwa sisi tulio karibu na mstari wa ikweta, adhana hizo mbili zimeachana saa kumi na tatu na ushei mwaka mzima, kwa hiyo muadhini ananikumbusha bila kujua. Nikishadondosha nafumba jicho na kubana kwa ncha ya kidole ile pembe ya ndani, karibu na pua, kama dakika mbili, dawa isiteremke puani ikaingia kwenye damu. Haina raha yoyote. Dawa haikurudishii kitu, na ndiyo maana wengi huiacha: mtu ananunua chupa kila mwezi na haoni anachonunua.

Mtoto wa jicho nao nilikuwa nao, na ulitolewa. Lenzi iliyochakaa ikatoka, ya plastiki ikaingia, na nilipofunguliwa bandeji nilishangaa jinsi bahari ya Raskazone ilivyokuwa buluu. Nilikuwa nimeshaizoea rangi ya chai. Jirani yangu alifanyiwa upasuaji huohuo mwaka huohuo na sasa anasoma msahafu bila miwani. Kwa hiyo mtaani ikazuka kesi: mbona yeye kapona na mwalimu hajapona? Wengine wakasema daktari wangu mwanafunzi. Nimechoka kueleza kwamba lenzi ni dirisha, na dirisha langu ni safi kabisa. Kilichokatika ni waya.

Tao lile halikusimama palepale. Matone yalilipunguza kasi, lakini kusoma kulinitoka kidogo kidogo: kwanza gazeti, kisha vitabu vya chapa ndogo, kisha maandishi yangu mwenyewe. Safu yangu ilikwenda nayo. Mhariri alinipigia simu kwa heshima zote, "Mama, umefanya kazi kubwa, sasa pumzika." Wiki iliyofuata nafasi ile ilikuwa na picha ya mtu mwingine, na mimi nilikuwa sijaomba kupumzika. Vitabu vyangu nikavifungia kabatini, maana harufu yake ilikuwa inanitesa. Kipindi kile kila aliyekuja kunijulia hali alikuja na methali moja mkononi: heri kufa macho kuliko kufa moyo. Nina hakika aliyeitunga alikuwa na macho yake mawili. Mimi moyo ulikuwa umeshakwenda pamoja na macho, na sikuona cha kuchagua baina yao. Nilikuwa nalala mchana, mimi ambaye miaka 35 ya ualimu sikujua usingizi wa mchana ukoje.

Kilichoniinua hakikuwa kikubwa. Mjukuu wa dada yangu alimaliza kidato cha sita, akawa anangoja chuo, akaletwa kwangu anitazame. Kijana hana kazi, mimi sina macho, tukawa tunatazamana, kwa namna yetu. Siku moja nikamwambia fungua kompyuta, nikamtajia aya. Akaniandikia. Nikamwambia nisomee. Akanisomea: "...akavaa kanga, akatoka."

"Nani kasema akavaa? Nimesema akajitanda."

"Bibi, si yale yale?"

"Si yale yale, mjukuu wangu. Aliyevaa kanga yumo jikoni. Aliyejitanda ana safari."

Akacheka, akafuta. Nami nikagundua nimekasirika kwa ajili ya neno, hasira ambayo sikuwa nimeionja kwa muda mrefu. Tukaanza kazi siku ileile.

Tulijiwekea taratibu. Nikigonga meza kwa ukucha ni mkato, nikigonga kwa kifundo cha kidole ni nukta, nikipiga kwa kiganja ni aya mpya. Hivyo sauti yangu inabaki na kazi moja, ya kusimulia. Naye alipewa ruhusa ya kusema, na aliitumia. "Bibi, lakini ni ya nne hii." Ni kweli, mtu anayesema hutumia lakini nyingi kuliko anayeandika. Sentensi zangu zilifupika, maana sentensi ndefu nikiitaja yote ninaishiwa pumzi, na nikiikata katikati kijana anaweka nukta isipotakiwa. Wasomaji wa zamani waliosikia kurasa za mwanzo wanasema nimebadilika. Nimebadilika kweli. Zamani niliandika sentensi za kutazamwa, na baadhi, nikizisikia leo kutoka kwenye vitabu vyangu vya kale, siwezi kuzitamka bila kukwama.

Ila kuna mambo mjukuu haandikishwi. Riwaya ninayoiandika inahusu mjane wa Pangani na fundi wa majahazi anayempenda, na watu wazima wawili wanaopendana lazima siku moja wabaki peke yao chumbani. Tukafika hapo. Mlango umefungwa, kandili imeshushwa utambi. Nikanyamaza. Kijana naye kimya, vidole juu ya herufi.

"Bibi, endelea."

"Nenda kaninunulie sukari."

"Sukari ipo, Bibi."

"Basi kanunue chumvi."

Lugha yetu ina haya zake, na haya si adui wa mwandishi mpaka imzuie kumaliza sura. Nikamkumbuka shoga yangu tuliyesoma naye, karani mstaafu aliyepiga chapa barua za serikali maisha yake yote na vidole vyake bado vina moto. Nikajifungia chumbani, nikarekodi sura nzima kwenye simu kwa sauti ya chini, nikamtumia kwa WhatsApp. Saa moja baadaye ikaja sauti yake: "Shoga, haya wewe uliyaona wapi?" Kisha akacheka mpaka akakohoa. Lakini aliandika, na aliandika vizuri. Tangu hapo sura za mchana ni za kijana, sura za usiku ni za shoga.

Simu nayo ni msaidizi, sitaidharau. Tangu 2017 Google wameweka Kiswahili kwenye kuandika kwa sauti, na simu haina haya wala haitumwi dukani. Ubaya wake ni kwamba inapenda kunisahihisha. Jahazi langu limewahi kuwa jazi na Mzee Kombo akawa mzee kombe. Kijana akija huanza kwa kuwarudishia watu majina yao. Kwenye kompyuta tumeweka programu ya bure iitwayo NVDA, iliyoanzishwa 2006 na vijana wawili wa Australia ambao wenyewe hawaoni. Inasoma kila kilichopo kwenye kioo. Mwanzoni ilinisomea Kiswahili kwa sauti ya Kiingereza, na mjane wangu wa Pangani akasikika kama mmisionari aliyeshuka meli jana. Tulipobadilisha sauti akarudi kwao, japo bado anatamka kila kitu kwa uso mmoja, kifo na harusi.

Hata hivyo, sauti zote hizo, ya kijana, ya shoga, ya mashine, zina lile tatizo la mwanzo. Zinakwenda mbele. Nikitaka kujua nilisema nini kuhusu baba yake fundi sura ya tatu, lazima nisomewe sura ya tatu. Hapo ndipo kazi ilipokaribia kunishinda.

Nilianza kuulizia wenzangu. Milton wa Uingereza alikuwa kipofu kabisa kufikia 1652, na utenzi wake mkubwa wa Paradise Lost, wenye mistari zaidi ya elfu kumi, ulichapwa 1667. Wote ameutamka, wengine wameandika. Borges wa Argentina alipewa kuongoza Maktaba ya Taifa mjini Buenos Aires mwaka 1955, wakati macho yake hayawezi tena kusoma kitabu hata kimoja kati ya vilivyokuwa chini ya mamlaka yake. Huyu ndiye aliyenifaa. Macho yalipokwisha, Borges alirudi kwenye mashairi ya vina na mizani, kwa sababu shairi lenye mizani unaweza kulibeba kichwani ukitembea, ukaligeuza, ukalifuta, ukalisahihisha, bila karatasi. Mtu wa pwani halihitaji somo hilo. Tumekua tukisikia wazee wasiojua kusoma wakighani tenzi usiku kucha. Lakini mimi naandika nathari, na nathari haina kina cha kushikia.

Njia yangu niliipata chuoni, nikimaanisha chuo cha Kurani, pale nilipopelekwa nikiwa na miaka sita. Maalimu hakutufundisha kuhifadhi sura kwa mkupuo. Unashika aya, ukiishika unaiunga na mwanzo wa inayofuata, unarudia maungio, kisha unasonga. Kinachopotea kichwani mara nyingi si aya, ni maungio. Sasa kila alfajiri baada ya tone la kwanza nadurusi sura niliyoitunga jana namna ileile: sentensi ya mwisho ya aya hii, ya kwanza ya ijayo. Zikigoma kuungana, mara nyingi kosa liko kwenye hadithi yenyewe.

Na kwa kurudi nyuma, nimejifunza nukta nundu. Kwetu mkoani Tanga, kule Lushoto, kuna shule ya wasioona ya Irente, na mwalimu mmoja mstaafu aliyewahi kufundisha wasioona alikubali kunifundisha kwa malipo ya chai na mazungumzo. Vidole vya bibi aliyeshika sufuria za moto miaka hamsini si vidole vya mtoto wa darasa la kwanza. Kitabu kizima siwezi kusoma, na sitaweza. Lakini unapoandika kwa kibao na msumari wake unatoboa karatasi kwa nyuma, kutoka kulia kwenda kushoto, ili ukiigeuza isomeke kushoto kwenda kulia. Wanafunzi wengi hapo huchanganyikiwa. Mimi mkono wangu ulijifunza kuandika kulia kwenda kushoto kabla haujajua herufi za Kizungu, kwa hiyo mwalimu alishangaa nilivyoenda nayo.

Nina kadi ngumu, nyingine nimezikata kwenye maboksi ya sabuni, zimetobolewa na kutungwa kwenye kamba moja ukutani. Kila kadi ni aya au tukio, ina maneno mawili matatu tu: mama mkwe afa, barua ya Pemba, fundi aumia mkono. Mbele ya kamba ile nasimama na kupitisha vidole kutoka sura ya kwanza hadi nilipofika, na nikitaka kumjua baba yake fundi nampata kwenye kamba kabla kijana hajafungua kompyuta. Kidole kinarudi. Hilo ndilo nililokuwa nimelikosa.

Nje ya nyumba mambo ni mengine. Tanga ni mji wa baisikeli, na baisikeli haina sauti. Bodaboda naisikia tangu inapotoka kona, bajaji vilevile. Baisikeli hutokea ubavuni, huko ambako sina kitu, na mimi na mwenye nayo tunashtuka pamoja. Nilipoanza kushika fimbo nyeupe wajukuu waliona haya kuliko mimi. Siku hizi waendesha baisikeli wa Ngamiani wananipigia kengele, "Mwalimu, kushoto!", na wapo niliowafundisha wanaochanganya kushoto na kulia hadi leo.

Glakoma hutembea kwenye damu, na sisi watu wa asili ya Afrika hutupata zaidi na mapema zaidi. Nilipoambiwa hivyo niliwapigia ndugu zangu wote wa tumbo moja. Kaka yangu wa Korogwe aligoma. Alisema anamwona kuku akiwa uwanja wa pili na kumtaja mwenyewe. Nilimpigia tena, nikampigia mkewe, nikampigia imamu wake. Alipokwenda alikutwa na presha 28 na mshipa umeanza kuliwa kidogo pembeni. Yuko kwenye matone, bado anasoma gazeti, na hunisomea kwenye simu, akianzia kurasa za michezo ingawa anajua sizitaki.

Riwaya imefika sura ya tisa. Kijana amepata chuo Dodoma, kwa hiyo sura za mchana sasa ananiandikia kwa kusikiliza rekodi usiku bwenini, na kwa sababu hanioni nikigonga meza, imebidi nijifunze kusema "mkato" na "nukta" kwa sauti. Sura ya kumi ni ya usiku, na hiyo imekwama. Shoga amesikiliza rekodi yote, na amekataa kuiandika hata neno moja mpaka yule mjane nimwondolee kidoti kilichopo juu ya mdomo. Anasema Pangani nzima wanajua kidoti hicho ni cha nani. Nimemwambia nitafikiria.